Mize na Mgeni Mwenye Mkonga

Masikio yapo?

Yapo!

Macho yapo?

Yapo!

Basi yafungueni vizuri, maana hadithi hii inataka macho zaidi.

Mize ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka. Akicheka, upepo unapita.

Mama yake Mize ni daktari wa meno. Kliniki yake iko mjini Unguja, ghorofani, juu ya duka la vitambaa.

Watoto wanaopanda ngazi zile huwa wanaogopa. Wanashika mashavu. Wanashika kanga za mama zao.

Lakini ndani ya chumba cha kungojea kuna tangi kubwa la kioo. Lina maji ya chumvi, mchanga mweupe na matumbawe ya rangi rangi. Mtoto akiliona, jino analisahau.

Bulu bulu bulu, maji yanaimba.

Anayelitunza tangi ni Mjomba Ame, kaka yake Mama. Mjomba Ame ni mrefu, mrefu, mrefu! Akipita mlangoni lazima ainame.

Kila Jumamosi Mjomba Ame huenda pwani na madumu mawili. Huleta maji mapya ya bahari. Mize humsaidia, naye ana kidumu chake kidogo chenye mfuniko mwekundu.

Tangi lina sheria mbili tu.

Ya kwanza: hatugongi kioo.

Ya pili: hakiingii kitu mpaka Mjomba Ame akione kwanza.

Mize hagongi kioo hata siku moja. Yeye hupiga hodi kwa mdomo, kama mtu mwenye adabu zake.

"Hodi, majirani! Mpo?"

Bulu bulu bulu, maji yanajibu.

Majirani wenyewe ni konokono watatu. Kila mmoja ana kadi yake ukutani, na kadi zote ameziandika Mjomba Ame. Mize hajui kusoma maneno yote. Lakini kadi zile amezihifadhi kwa moyo.

Ukitaka kumjua konokono, unauliza hivi:

Gamba lake je?

Mlango wake je?

Chakula chake je?

Ndiyo, mlango! Konokono wa baharini ana mlango wake. Akiogopa, anaingia ndani na kuufunga. Kap!

Jirani wa kwanza ni Bi Kilemba.

Gamba lake je? Kubwa, limezungushwa kama kilemba. Mlango wake je? Mnene, mweupe. Chakula chake je? Ukoga wa kijani. Anapita, anakula, na kioo kinabaki safi kama jino lililopigwa mswaki.

Jirani wa pili ni Kifungo.

Gamba lake je? Dogo, jeusi, la mviringo. Mlango wake je? Mwembamba. Chakula chake je? Ukoga pia, lakini ule wa juu kabisa, pale maji yanapoishia. Kifungo anapenda kupanda.

Jirani wa tatu ni Bwana Msumari.

Gamba lake je? Refu, lina ncha. Mlango wake je? Mdogo, wa kahawia. Chakula chake je? Makombo ya mchangani. Bwana Msumari ana haya. Mchana hujificha, jioni ndipo hutoka.

Mize anawapenda wote. Lakini anayempenda zaidi ni Bwana Msumari. Msimwambie Bi Kilemba.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Jumamosi moja, Mize alikuwa pwani anajaza kidumu chake. Akaona kijiwe kizuri. Kilikuwa na mwani wa kijani, laini kama nywele za mtoto mchanga.

"Bwana Msumari atakipenda," Mize alisema moyoni. "Nitampelekea zawadi."

Akakitia kwenye kidumu. Akafunga mfuniko mwekundu.

Walipofika kliniki, Mjomba Ame alikwenda kunawa mikono. Mize akatazama huku. Akatazama kule.

Chubwi! Kijiwe kikaingia tangini.

Mjomba Ame hakukiona. Moyo wa Mize ulidunda. Du, du, du. Lakini alinyamaza.

Jumatatu Mize akapiga hodi.

"Hodi, majirani! Mpo?"

Bi Kilemba yupo. Kifungo yupo. Bwana Msumari? Hayupo.

Jumanne Mize akangoja mpaka jioni. Bwana Msumari hakutoka.

Jumatano, Mize alipotoka shule, alipanda ngazi mbio. Chumbani mlikuwa na mtoto mmoja tu anayengojea. Jina lake Zaituni. Shavu lake amelishika kwa mikono miwili.

"Hodi, majirani! Mpo?" Mize alisema.

Bulu bulu bulu.

Mara mchanga ukatikisika.

Kitu chembamba kikachomoza mchangani, mfano wa mrija. Kikaenda huku. Kikaenda kule. Kikanusa nusa.

"Ala!" Mize akasema. "Ni mkonga!"

Chini ya mkonga pakatokea kichwa. Nyuma ya kichwa pakatokea gamba. Alikuwa konokono!

"Nani yule?" Zaituni aliuliza, mkono shavuni.

Mize akajiuliza maswali yake.

Gamba lake je? La kahawia, lina ncha.

Mlango wake je? Hakuuona.

Chakula chake je? Hakujua.

"Humjui?" Zaituni aliuliza.

"Bado simjui," Mize alisema. "Lakini nitamjua!"

Mjomba Ame akaja na kitambaa chake cha kufutia kioo. Akasimama nyuma ya Mize. Akatazama kwa juu, kutoka kule kwenye urefu wake.

Uso wake ukabadilika.

"Lo! Konokono mwenye mkonga! Huyu katokea wapi?"

Akachukua kitabu chake cha picha. Akafunua, akafunua. Akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Huyu hapa. Wa kahawia. Mwenye ncha. Mwenye mkonga. Huyu hula konokono wenzake."

"Anawala?" Zaituni aliuliza. Shavu akalisahau.

"Anawala. Na Bwana Msumari hatujamwona siku tatu. Masikini, ameshaliwa huyo."

Mjomba Ame akaleta ndoo. Akaleta na wavu mdogo.

"Huyu anarudi baharini leo leo. Simwachi akawamaliza Bi Kilemba na Kifungo." Kisha akajikuna kichwa. "Lakini humu aliingiaje?"

Bulu bulu bulu.

Mize alitazama vidole vya miguu yake. Kama mgeni huyu ni mla wenzake, basi Bwana Msumari ameliwa kwa sababu ya Mize. Kwa sababu ya zawadi yake! Hilo lilimuuma kuliko jino.

"Mjomba," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwingiza. Nilitia kijiwe. Nilikitia ulipokwenda kunawa. Ilikuwa zawadi ya Bwana Msumari." Machozi yakamtoka. "Sikujua kama kijiwe kina mtu."

Mjomba Ame akaweka wavu chini.

"Umevunja sheria, Mize."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na umesema kweli."

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi yote mawili nimeyasikia." Akamfuta machozi kwa kitambaa cha kioo, maana ndicho alichokuwa nacho. "Lakini konokono anatoka."

Pale pale mlango wa ndani ukafunguka. Mama akatokea na koti lake jeupe.

"Anayefuata! Zaituni, karibu mwanangu."

Zaituni akashika shavu tena. Akashika na kiti.

"Utaning'oa jino?"

"Mimi?" Mama akasema. "Mimi sing'oi jino nisilolitazama. Kwanza natazama. Halafu natazama tena."

Zaituni akaachia kiti. Akaingia na Mama, mlango ukafungwa.

Mize akasimama wima. Machozi yakakauka yenyewe. Akaweka mikono kiunoni, kama Mama anapozungumza na mtu asiyepiga mswaki.

"Mjomba! Umemsikia Mama?"

"Nimemsikia."

"Kwanza tunatazama. Halafu tunatazama tena."

"Mimi nimeshatazama," Mjomba Ame alisema. "Nimeona mkonga."

"Umetazama mara moja tu! Tena umesimama!"

Mjomba Ame akatazama wavu wake sakafuni.

Mize hakumwacha.

"Na nyumbani kwetu, mgeni akija, tunaanza kwa kumuuliza wewe nani?"

"Hapana bwana! Mgeni anawekewa chakula kwanza. Maneno baadaye."

"Huyu tumemwekea nini?"

Mjomba Ame akatazama tangi. Akatazama ndoo yake.

"Hatujamwekea kitu."

"Siku tano, Mjomba! Tangu Jumamosi yuko kwetu na hajaandaliwa hata sahani! Aibu gani hii?"

Mjomba Ame akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Haya, mama mwenye nyumba. Tumwandalie. Atakachokula ndicho kitatuambia yeye nani. Lakini Zaituni akitoka mle ndani, tunakata shauri. Sawa?"

"Sawa!"

Wakanawa mikono. Mize akachagua makombe mawili mazuri ya chaza. Yalikuwa makubwa kiasi cha kijiko. Ndizo sahani za mgeni.

Sahani ya kwanza wakatia mwani mbichi. Mjomba Ame akaishusha kwa koleo refu, pole pole, mpaka mchangani.

Mize akachuchumaa. Pua yake ikawa sawa sawa na mchanga. Mjomba Ame akabaki amesimama.

"Karibu mgeni," Mize alisema. "Ni kidogo, lakini karibu."

Wakangoja.

Nyiri nyiri nyiri. Nani anakuja? Bi Kilemba! Akapanda sahani ya mgeni, akaanza kula bila kualikwa.

Mgeni akanusa kwa mkonga. Huku. Kule. Kisha akazama mchangani. Shwaa! Ukabaki mkonga tu juu.

"Mwani hataki," Mjomba Ame alisema. "Huyu si mla majani. Unaona sasa?"

"Bado simjui," Mize alisema. "Lakini nitamjua!"

Mle ndani, Mama akasema, "Fungua mdomo. Aaa."

"Aaa," Zaituni akaitikia.

Upesi, sahani ya pili! Hii wakatia uduvi. Mnaujua uduvi? Ule mdogo mdogo, mkavu, unaonuka mpaka kwa jirani. Mjomba Ame akaushusha upande wa pili wa tangi.

Wakangoja.

Mkonga ukasimama. Mkonga ukatetemeka.

Puu! Mchanga ukafumuka!

Mgeni akatoka mzima mzima. Akakimbia. Ndiyo, akakimbia! Ninyi mnafikiri konokono wote ni wavivu? Huyu alikimbia kama mtoto aliyeitwa kula maandazi.

Nyirinyirinyirinyiri!

Lakini njiani alikuwapo Bi Kilemba.

Mgeni hakuzunguka. Akampanda Bi Kilemba mgongoni!

Kap! Bi Kilemba akafunga mlango.

"Anamla!" Mjomba Ame akanyakua wavu.

"Ngoja, Mjomba!"

"Mize, anamla!"

"Tazama tena! Ngoja!"

Mjomba Ame akangoja.

Mgeni akapanda juu ya gamba la Bi Kilemba. Akafika kileleni. Akashuka upande wa pili. Akaendelea na safari yake, wala hakugeuka nyuma.

Akaufikia uduvi. Akaukumbatia. Akala.

Bi Kilemba akafungua mlango kidogo. Akachungulia. Akarudi kwenye mwani wake.

"Hakumla," Mjomba Ame akasema taratibu.

"Hakumla," Mize akasema. "Hana haja naye."

Na pale chini, pua yake kwenye kioo, Mize akaona kitu. Mgeni alipokuwa akila, nyuma ya mguu wake palichomoza vitu viwili vidogo. Vilichezacheza.

"Mjomba! Ana vimkia viwili!"

"Vimkia? Mimi sivioni."

"Huko juu huvioni. Njoo chini, huku kwangu."

Mjomba Ame akakunja goti moja. Ka! Akakunja la pili. Ka! Akashusha kichwa, akashusha, mpaka shavu lake likagusa shavu la Mize.

"Lo!" alisema. "Viwili kweli."

Wakachukua kitabu. Wakatazama tena ile picha ya mla wenzake.

Mkonga? Upo. Ncha? Ipo. Vimkia viwili?

Havipo!

Mize akafunua ukurasa unaofuata. Akaufunua kwa kidole chake mwenyewe.

Na huyu hapa! Gamba la kahawia, lenye ncha. Mkonga. Nyuma ya mguu, vimkia viwili.

Mjomba Ame akasoma kwa sauti. "Huyu hulala ndani ya mchanga. Hula mabaki na vilivyokwisha kufa. Konokono wazima hawali. Husaidia kuweka mchanga safi."

"Ni mfagiaji!" Mize akapiga kelele. "Mgeni wetu ni mfagiaji!"

Mjomba Ame akakaa sakafuni, miguu yake mirefu imejaa chumba.

"Nimekosea, Mize. Nilimtazama mara moja, nikamhukumu. Wewe umemtazama mpaka ukamjua."

Mize akacheka. Upepo ukapita pale penye pengo.

Mlango wa ndani ukafunguka. Zaituni akatoka anaruka ruka, Mama nyuma yake.

"Halikuwa jino! Halikuwa jino!"

"Ilikuwa nini?" Mize aliuliza.

"Uzi wa embe! Ulinaswa katikati ya meno! Daktari ameuvuta, fyuu, basi!"

Wakacheka wote. Hata Mjomba Ame, pale sakafuni.

Kisha Zaituni akatazama tangi.

"Na yule Bwana Msumari, yuko wapi?"

Kicheko kikaisha. Bulu bulu bulu.

Mjomba Ame akamtazama Mize. Mize akafikiri. Alifikiri kwa nguvu mpaka ulimi ukatoka kwenye pengo.

"Kama hakuliwa, basi yupo," alisema. "Na kama yupo, nitamwona."

Akatazama mchangani. Hayupo. Akatazama chini ya matumbawe. Hayupo. Akatazama kwenye kijiwe chake cha zawadi. Hayupo.

Sasa nyuma ya tangi, baina ya kioo na ukuta, kulikuwa na upenyo mwembamba. Mjomba Ame hawezi kuingia humo. Mama hawezi. Lakini Mize je?

Mize akavuta tumbo ndani. Akaingia ubavu ubavu.

Kulikuwa na kiza kidogo na vumbi kidogo. Akapiga chafya moja. Akatazama kioo cha nyuma.

"Mjomba! Kuna mtu amechora humu!"

"Amechora nini?"

"Uzi mweupe. Unapinda huku, unapinda kule, huku, kule, kama mshono wa cherehani."

"Na mwisho wa uzi kuna nini?"

Mize akafuata uzi kwa macho. Huku. Kule. Huku. Kule. Mwisho wa uzi kulikuwa na gamba.

Gamba lake je? Refu, lina ncha.

Mlango wake je? Mdogo, wa kahawia.

"Bwana Msumari!" Mize akapiga kelele. "Bwana Msumari yupo! Mzima! Hakuliwa na mtu!"

Moyo wake ulijaa furaha. Akataka kuruka, lakini mle hamrukiki.

Mjomba Ame akajaribu kuchungulia. Kichwa kikakwama. Akajaribu upande wa pili. Kikakwama tena.

Mama akaingia chumbani kwake. Akarudi na kile kioo chake kidogo chenye mpini, cha kutazamia meno ya nyuma.

"Chukua, kaka. Hiki huona pasipoonekana."

Mjomba Ame akakiingiza nyuma ya tangi. Akakigeuza. Akatazama. Akatazama tena.

"Mize," alisema. "Ule si uzi. Yale ni mayai."

"Mayai?"

"Mayai ya konokono. Yamepangwa mstari. Mamia kwa mamia."

Mize akatoka kwenye upenyo, vumbi puani.

"Bwana Msumari anataga mayai?"

Mama akamtazama Mjomba Ame. Akaanza kucheka kidogo kidogo, kisha akacheka sana.

"Kaka Ame! Miaka miwili unamwita Bwana! Huyu ni Bi!"

Lo, kicheko cha siku ile! Hata wenye duka la vitambaa kule chini walikisikia.

Mjomba Ame akaenda ukutani. Akachukua kadi ya tatu. Neno "Bwana" akalipiga mstari. Juu yake akaandika "Bi".

"Samahani sana, Bi Msumari," alisema, akainama kama anavyoinama mlangoni.

Kisha akachukua kadi mpya, nyeupe.

"Mgeni ameshakula. Sasa tunaweza kumuuliza jina."

Mize akachuchumaa mbele ya kioo.

"Mgeni, jina lako nani?"

Mgeni akainua mkonga. Huku. Kule.

"Anasema anaitwa Kikonga," Mize akatangaza.

"Mimi sikumsikia," Zaituni akasema.

"Ni kwa sababu hujamzoea."

Mjomba Ame akaandika. Mize akamwambia maneno, moja moja.

"Gamba lake? La kahawia, lina ncha. Chakula chake? Uduvi na mabaki. Hali wenzake. Andika hilo kwa herufi kubwa."

HALI WENZAKE, Mjomba Ame akaandika.

"Na mlango wake?"

Mize akafikiri.

"Mlango wake bado sijauona. Acha wazi. Nitautazama kesho."

Mjomba Ame akaacha wazi. Akabandika kadi ukutani, karibu na ya Bi Msumari. Ndoo akairudisha mahali pake, tupu.

"Na Jumamosi?" aliuliza.

"Jumamosi nitakuonyesha kila kitu," Mize alisema. "Kidumu nitakifungua mbele yako. Tutatazama wote wawili."

"Mara ngapi?"

"Mara ya kwanza. Halafu tena!"

Wakafunga kliniki. Mize akasimama mlangoni.

"Kwaherini, majirani. Bi Kilemba. Kifungo. Bi Msumari na mayai yako. Na wewe, Kikonga. Wewe si mgeni tena."

Bulu bulu bulu.

Nyumbani, Mize alikula. Akapiga mswaki, kwani huyu ni mtoto wa daktari wa meno! Akapanda kitandani.

Mama akashusha chandarua. Akakichomeka chini ya godoro, pande zote.

"Humu kuna konokono," Mama alisema. "Simjui. Hebu nimtazame."

Mize akacheka, kichwa kikiwa kwenye mto.

"Gamba lake je?" Mama aliuliza.

"Chandarua!"

"Chakula chake je?"

"Wali na samaki. Ameshakula."

"Mlango wake je?"

Mize akavuta shuka mpaka juu ya kichwa.

Kap!

"Aa," Mama akasema. "Sasa nimemjua. Huyu ni Mize wangu."

Chini ya shuka, Mize akatabasamu.

Masikio yapo?

Yapo.

Macho yapo?

Yamefumba.